Pale Daktari Alipobonyeza

Mwenye kemisti aliniambia nirudi na mke wangu. Alisema hivyo mbele ya foleni, na hata hakujaribu kupunguza sauti. "Mzee, hii mnatibiwa wote wawili. Ukijitibu peke yako unarudi pale pale." Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliniangalia kuanzia buti mpaka kofia, kisha akageuka akaangalia ukuta. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi ipasuke, na kama haitanimeza mimi, basi immeze yeye.

Sikuwa nimemwambia mengi. Nilimwambia nikikojoa panawasha, na kwamba mkojo hauniachi nikae. Lile kubwa sikulisema, kwa sababu ya yule mama: kwamba huku chini kabisa, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, nilikuwa na uchungu usioondoka, kama mtu aliyekalia gunzi la mahindi na hawezi kulitoa. Akaniuliza kazi yangu. Nikasema naendesha trekta hapa Njoro, kwenye mashamba ya ngano. "Na nyumbani?" Olenguruone. "Na msimu wa kulima unalala wapi?" Kambini, na wenzangu. "Aah," akasema, akaanza kufungua makabati. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Dereva, kambi, mke yuko mbali, basi ugonjwa ni ule. Alinidunga sindano nyuma ya pazia, akanifungia vidonge vya watu wawili kwenye bahasha za karatasi.

Sikuwa na mwanamke mwingine. Naliandika hapa mapema ili msomaji asipoteze muda akingoja nikiri. Sikuwa naye kambini, wala sokoni, wala mahali popote. Nilikuwa na trekta, blanketi, sufuria ya ugali, na wanaume wengine watano wanaokoroma.

Nilifika nyumbani Jumamosi jioni. Mke wangu alikuwa ametoka kukamua, mikono bado inanuka maziwa. Nikamwekea bahasha yake mezani. "Hizi umeze. Asubuhi na jioni."

"Za nini?"

"Za mkojo. Daktari amesema tumeze wote."

Mke wangu si mjinga. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na wauguzi walikuwa wakija pale kufundisha kila mara. Alijua ni magonjwa gani humezewa dawa na watu wawili. Alikaa chini. Akauliza polepole, "Umeutoa huko kambini?"

Hapo ndipo ningesema. Ningemwambia mama watoto, mimi sijui hiki ni nini, nimekuwa nikiumwa tangu msimu wa kupanda, naogopa. Maneno machache tu. Lakini mtu akinituhumu, damu hunipanda kichwani kabla ya akili kufika. Nikapiga meza. Nikamwambia yeye si polisi, na kama hataki kumeza, awape kuku. Alimeza. Kila asubuhi na kila jioni alisimama mbele yangu na kikombe cha maji, akaweka kidonge mdomoni, akaniangalia mpaka kikashuka. Vilimwendesha tumbo, na hakulalamika. Vilipoisha, alichukua godoro dogo na blanketi mbili akahamia jikoni.

Jiko letu ni nyumba ya pembeni, kama ilivyo kwa watu wengi huku juu, na Olenguruone kuna baridi ya kuuma mifupa. Kwa hiyo majirani walipouliza, alisema anafuata moto. Hakuna aliyeshangaa. Mimi peke yangu nilijua kwamba kile kitu nilichokuwa naogopa kupoteza kuliko shamba na kuliko kazi kilikuwa kimetoka mlangoni na blanketi mbili mabegani. Nilikuwa nimeishi naye tangu tukiwa vijana wasio na hata kitanda. Nilimpenda. Naona aibu kuliandika neno hilo kwa sababu sikumbuki kama nimewahi kulitamka.

Dawa hazikusaidia kitu. Wiki mbili nilijiona afadhali, kisha gunzi likarudi mahali pake. Nikiwa kwenye trekta, kila mtaro, kila bonge la udongo lilinipanda kutoka kwenye kiti mpaka kwenye kitovu. Nilianza kuendesha nikiwa nimekalia tako moja. Wenzangu wakanicheka, wakasema mzee anaendesha kama bibi arusi aliyepakiwa nyuma ya pikipiki. Nikacheka nao. Nilikuwa nikishuka nyuma ya tairi kubwa kukojoa, nasimama pale nikingoja, yanatoka matone, na nikifunga zipu nasikia kama sijakojoa bado. Kuna siku nilishuka mara nyingi hivi kwamba tajiri mwenye shamba aliuliza kama nimeanza kuvuta sigara.

Basi nikaenda hospitali. Nilienda nyingi, Njoro na mjini Nakuru, na sitazitaja, kwa sababu sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na kitu kingine.

Lazima niseme kidogo kuhusu kwetu. Yale yanayofanyika kule ndani wavulana wanapotahiriwa hayasemwi, na mimi sitakuwa wa kwanza kuyasema. Lakini hili moja kila mtu Kenya nzima analijua: hupepesi jicho. Kisu kinapopita, wanaume wamesimama mbele yako, wote wanaangalia uso wako. Hawaangalii kisu. Ukikunja nyusi, ukiuma mdomo, itasemwa mpaka siku utakayozikwa, na itasemwa juu ya baba yako pia. Unafundishwa miezi kabla. Unafanya uso wako uwe ukuta. Mimi nilifanya vizuri sana. Nilisifiwa. Na hakuna mtu baadaye aliyenifundisha jinsi ya kuubomoa huo ukuta.

Sasa chukua mtu kama huyo, umlaze kitandani, umwambie avute magoti kifuani.

Daktari wa kwanza alikuwa mtu wa heshima, mwenye mvi. Alinieleza kwamba ataingiza kidole ili kupima tezi dume, na kwamba kama imevimba au ina usaha, nitasikia uchungu akiibonyeza. "Utaniambia," alisema. Alibonyeza. Uchungu ulipanda ukanishika kitovuni, ukashuka mpaka ncha ya uume, jasho likanitoka kwapani. Ukutani palikuwa na picha ya mtu ananawa mikono kwa sabuni. Nikaisoma yote. "Inauma?" akauliza.

"Kidogo tu, daktari."

"Sawa. Tezi iko vizuri."

Wa pili aliuliza hivyo hivyo nikajibu hivyo hivyo. Wa tatu pia. Si kwamba nilikusudia kuwadanganya. Nilikuwa nimesafiri, nimepanga foleni, nimelipa, ni kwa nini nidanganye? Lakini neno lililokuwa tayari mdomoni mwangu lilikuwa ni "kidogo", na lilitoka kabla sijaliita. Nao walikuwa wakiangalia uso wangu, hawakuona kitu, wakaamini. Ungeamini pia. Ugonjwa wenyewe hauna kipimo cha damu wala picha ya kuuonyesha. Unajulikana kwa mtu kuruka anapoguswa mahali fulani, na mimi sikuruka.

Walinipima mkojo wakauotesha maabara, hakuna mdudu aliyeota. Wakapima damu kuangalia kansa, nikakaa siku kadhaa roho mkononi, ikarudi safi. Ultrasound nayo ikasema kibofu ni kizuri na tezi ni ya kawaida kwa umri wangu. Hata hivyo nikapewa antibiotiki za mwezi mzima, kwa sababu daktari naye hapendi kukuachia uende mikono mitupu. Nilizimeza zote. Ladha ya chuma haikunitoka mdomoni, chai yenyewe ikawa kama maji ya misumari.

Lakini nilikuwa na majibu safi. Niliyabeba mpaka nyumbani kwa furaha ya kitoto. Nilimkuta mke wangu anachambua viazi vya mbegu, nikampa karatasi zote. Nikasema, "Soma. Hakuna ugonjwa wowote wa zinaa. Soma mwenyewe."

Alisoma zote, hata zile za mbele na nyuma zenye nambari tupu. Akanirudishia. "Si ni safi kwa sababu tulimeza dawa?"

Jamani! Nilisimama pale kama gogo. Ungejibu nini? Mpaka leo sijapata mtu wa kunipa jibu. Alirudi kwenye viazi vyake.

Kulikuwa na wakati alijaribu kunisamehe. Nadhani mchungaji alisema naye, au aliamua tu mwenyewe, maana yeye ni mtu anayetaka mambo yaishe. Alirudi chumbani, tukawa mume na mke tena. Hakuna aliyewahi kunitahadharisha kuhusu kilichofuata. Baada ya tendo, ndani ya dakika chache, nilishikwa huku chini kama mtu amekamua kitambaa kwa mikono miwili na hataki kuachilia, na hali hiyo ikakaa siku mbili. Nikaanza kuogopa kitanda. Akinisogelea, nageukia ukuta. Nasema nimechoka. Nasema trekta. Mwanamke anayedhani mume wake ana mwingine, halafu mume huyo anamgeukia ukuta, wewe unafikiri atawaza nini? Alisema, "Naona umeshiba huko." Safari hii alihamisha godoro kubwa, akaniachia lile dogo.

Daktari wa nne ndiye aliyenimaliza. Aliangalia karatasi zote, akanibonyeza, nikasema kidogo, akavua glavu akakaa. Akasema kwa upole kwamba mwili wangu hauna kitu, kwamba hii ni mawazo, nina stresi, nipumzike, nisali.

"Mawazo?" nikasema. "Mawazo yanakaa matakoni?"

Nilitoka nikaubamiza mlango hivi kwamba walinzi wawili walinisindikiza hadi nje ya geti. Nilikaa kando ya barabara kwenye ukuta mfupi wa duka, kwa tako moja, nikiwa na hasira ya kuvunja kitu, na nilitaka kulia nikashindwa. Bodaboda mmoja akasimama akaniuliza, "Boss, twende?" Nikamtusi. Hakuwa amenikosea lolote.

Nyumbani nilimwambia mke wangu daktari amesema ni mawazo. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda nilitaka acheke nami. Hakucheka. Alisema ndugu zake wamemwita, na amewaambia wangoje kwanza. "Kuna daktari mmoja wa mkojo pale mjini, mama mmoja kanisani bwana yake alitibiwa naye. Tutaenda. Mimi nitaingia na wewe, nisikie kwa masikio yangu. Nikishasikia, nitajua kama nakaa au naenda kwetu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya.

Tuliteremka Nakuru siku ya mvua. Daktari huyo alikuwa mtu mnene, mpole, anayeongea kama ana siku nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, na wakati wa kunipima alimwambia mke wangu anaweza kungoja nje. "Nitakaa," mke wangu akasema. Daktari akaniangalia. Nikainua mabega. Kwetu mwanamke kukaa pale mwanamume anapofanyiwa jambo kama lile ni kitu kisichowahi kusikika, lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo aibu imeisha kama unga kwenye debe. Akavuta kiti akakiweka upande wa kichwa changu. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu.

Daktari alisema ataanza na tezi yenyewe, kisha atabonyeza misuli iliyo kando yake, kushoto na kulia, ile inayoshikilia sakafu ya nyonga. Hakuna aliyewahi kutaja misuli mbele yangu. Akabonyeza tezi, nikasema kidogo, na kwa kweli ilikuwa kidogo. Akasogeza kidole upande wa kushoto. Mama yangu! Niliona nyota mchana. Kila kitu kilichokuwa kikiniuma kwa miaka miwili, kiti cha trekta, mkojo, kitanda, vyote vilikuwa pale chini ya kidole kimoja.

"Hapa je?"

"Kidogo."

"Haya," akasema, akaanza kuondoa mkono.

"Daktari," mke wangu akasema. "Rudi hapo."

"Wapi, mama?"

"Hapo ulipokuwa. Hapo umemuumiza sana."

"Amesema kidogo."

"Ndiyo, amesema. Mwangalie. Anatabasamu." Alikuwa ameinama kabisa, ananisoma. "Huyu mtu akiumwa sana hutabasamu."

Nikasema, "Nani anatabasamu? Acha upuzi." Lakini nilivyosema hivyo nilijisikia mwenyewe: mashavu yangu yalikuwa yamevutwa juu, na meno yako nje. Sikuwa nimejua. Maisha yangu yote sikuwa nimejua. Kule ndani walinifundisha uso usionyeshe uchungu, na uso wangu ulijitafutia njia yake.

Daktari alirudisha kidole. "Hiyo," mke wangu akasema. Akasogeza. "Hapo hakuna kitu." Akasogeza tena. "Kidogo. Hapo mbele zaidi. Hiyo!" Mimi nimelala pale kama ng'ombe na daktari wa mifugo, mwenye ng'ombe ndiye anajibu. Nilikasirika, nikaona haya, na ndani yake, siwezi kuficha, nikasikia ahueni ambayo sijaipata tena. Kulikuwa na mtu mwingine duniani aliyeona kwamba inauma.

Nilipovaa, daktari alikunja ngumi akatuonyesha. Alisema misuli ya chini ya nyonga yangu imekaza hivi kwa muda mrefu mpaka imesahau kuachilia. Huenda mwanzoni tezi ilivimba kidogo, huenda haikuvimba, hilo hatutajua sasa. Kukaa kwenye chuma kinachotikisika kutwa, kubana mkojo, wasiwasi, vyote vinaongeza. Wanaume wengi wanayo hali hii, na wengi wanapewa antibiotiki bure miaka na miaka. Haiui. Inachukua muda kupoa, na huenda isiishe kabisa.

"Anaambukizwa na nani?" mke wangu akauliza.

"Hii haiambukizwi, mama. Hakuletewa na mtu, na hakukuletea."

"Sema tena."

Akasema tena. Mke wangu akamuuliza, "Na zile dawa nilimeza?" Daktari alisema hazikuwa na kazi. Mke wangu alitikisa kichwa, akaangalia mikono yake, na nilimwonea huruma.

Tulikaa hotelini kungoja mvua ipungue, tukaagiza chai na chapati. Nilikuwa mwepesi, naongea sana. Yeye alikuwa akikoroga chai yake. Mwishoni nikamuuliza ni tangu lini anajua hilo la kutabasamu.

"Tangu ulipojikata mguu na panga, mwaka wa kwanza tumeoana. Na mazishi ya mama yako. Ulisimama pale kaburini ukitabasamu. Watu walinong'ona, mimi nikawaambia wakuache."

"Na hukuwahi kuniambia?"

"Nilidhani unajua uso wako."

"Kama ulijua naumwa, ulihamia jikoni kwa nini?"

"Nilijua unaumwa. Sikujua unaumwa kwa sababu ya nani." Alimega chapati, hakuila. Halafu akasema, kama mtu anayejiongelesha, "Harusi yetu pia ulitabasamu kutwa."

"Harusini nilikuwa nafurahi!" Nilisema kwa sauti, mpaka mhudumu akageuka. "We mama, nilikuwa nafurahi."

"Sawa," akasema. "Mimi nimeuliza tu." Na hakuwa ameuliza.

Hakuenda kwa ndugu zake. Lakini hakurudi chumbani pia, si mara moja. Matibabu yalianza. Nilipewa kidonge kidogo cha neva cha kumeza jioni, kinakausha mdomo na kukuamsha na kichwa kizito, na kingine cha kulegeza shingo ya kibofu. Nilikata godoro kuukuu, nikatoboa tundu katikati, nikaweka kwenye kiti cha trekta, na wenzangu wakapata kicheko kipya. Jioni nakalia beseni la maji ya moto. Na mara kwa mara nilipanda gari mpaka Nakuru kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mama wa makamo mwenye vidole vigumu, aliyenifundisha kupumua kwa tumbo kama mtoto mchanga. Alikuwa ananibonyeza ile misuli ili iachilie, na aliniambia siku ya kwanza kwamba bila mimi kusema hawezi kufanya kazi. "Sifuri mpaka kumi, mzee. Usiniambie kidogo. Kidogo si nambari."

Nilisema mbili. Wiki iliyofuata nikasema mbili. Aliniambia nimpigie kelele, nikakataa. Ilichukua muda mrefu kabla siku moja, sijui kwa nini siku hiyo, neno lililotoka likawa "nane," na likatoka na kilio nyuma yake. Nililia kwenye kile kitanda, mtu mzima mwenye wajukuu, kamasi kwa karatasi yao nyeupe. Hakunibembeleza. Aliacha kidole pale pale mpaka nilipohisi kitu kikilegea ndani, kama kamba inayoteleza, na uchungu ukashuka mpaka tatu, ukashuka mpaka moja. Tangu siku hiyo nilianza kupona.

Sijapona kabisa. Baridi ikiwa kali, au nikilima siku nyingi mfululizo, lile gunzi linarudi. Lakini kuna siku linasahau kuja. Siku hizo natembea kwenye shamba la viazi nikijisikia mwepesi kama nimeibiwa mzigo. Mke wangu aliona. Alikuwa akinichemshia maji ya beseni kila jioni bila kuambiwa, na alikuwa ameanza kunitania tena, kwamba sasa mimi ndiye mwenye kiti cha enzi. Sikuwahi kumwambia kuhusu nane. Nilitaka kumwambia, nikawa naahirisha.

Jumapili moja baada ya kanisa, mchana, jua limetoka baada ya mvua ya asubuhi, alikuja chumbani na blanketi zake mbili. Alizitandika kando yangu kwenye lile godoro dogo, akazinyoosha, akavua kitambaa cha kichwa, akalala. Mimi nilikuwa nimelala chali, na siku hiyo ilikuwa moja ya zile siku nzuri, ya sifuri kabisa. Akageuka. Akaweka mkono wake juu ya tumbo langu, chini ya kitovu, polepole, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama imepoa.

Nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu sikusema pale. Nilifurahi kuliko siku ya harusi, nilifurahi mpaka nikasikia masikio yangu yanapiga. Na nikasikia mashavu yangu yakivutika juu.

Alikuwa akiangalia uso wangu. Aliuondoa mkono haraka.

"Nimekuumiza."

"Hapana," nikasema. "Siumwi."

"Usinifiche."

"Siumwi, mama watoto. Kweli siumwi."

"Ndivyo umekuwa ukiniambia siku zote," akasema. Hakukasirika. Alinifunika vizuri, akafunga kitambaa chake, akatoka. Nilimsikia kule jikoni akivunja kuni na kupuliza moto. Baada ya muda alirudi na beseni, limejaa, mvuke unapanda, akaliweka chini na kuniangalia kwa huruma ambayo sikustahili. Nikaamka, nikavua suruali, nikayakalia yale maji mbele yake, na sikuwa naumwa mahali popote.